Robo ya Kabisa

Mombasa, Mji wa Kale,
baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Salamu tumeshapeana tangu asubuhi, na afya yangu umeiona mwenyewe pale nilipoliteremsha sanduku lako ngazi mbili nikakaa chini kupumua, kwa hivyo hapo sitakupotezea wakati. Mambo ya sweta, ya chupa ya achari iliyovikwa soksi isivunjike, na ya kumwandikia shangazi yako kabla hajaanza kununa, mamako ameshayasema yote, na akisahau moja atalisema kesho bandarini mbele za watu. Mimi katika hayo sina la kuongeza.

Naandika kwa mkono. Mashine ya chapa iko hapa mezani na sikuifunua, kwanza kwa sababu ungeusikia mlio wake ukaja kuchungulia begani kwangu kama ulivyozoea. Halafu vidole vyangu vikiigusa mashine ile huenda vyenyewe. Vingeanza kukuarifu kwamba nina heshima kubwa kukuandikia, na mwisho vingetia kwamba nabaki mtumishi wako mtiifu kabisa. Nimeshachana rasimu tatu. Ya kwanza ilikuwa na "kabisa" kumi na moja, najua kwa kuwa nilizihesabu kwa ile penseli yako nyekundu.

Kuna jambo lazima nikwambie kabla hujapanda meli. Ni jambo baya, nimekufanyia mimi, nawe hulijui. Wiki tatu nalizunguka. Nitalifikia, lakini niache niende kwa hatua zangu, maana nikilirukia nitalisema kwa maneno ya kazini, na maneno ya kazini ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Wewe umekua ukiniona nje ya duka la Bwana Taibali muuza vitambaa, meza yangu chini ya kipenu chake, na watu wamepanga mstari kila mtu na shida yake na serikali. Ulidhani babako alizaliwa pale. Kiingereza changu nilikiokota kwa wakili mmoja wa Kihindi niliyempangia majalada miaka sita, na alipohamia kwao akaniachia mashine na daftari tupu la jalada la kijani. Katika daftari hilo nikaanza kuandika kila neno la Kiingereza lenye maana ya "kabisa". Nilidhani yatakuwa mawili matatu. Wapi! Yalijaa kurasa.

Sasa sikiliza akili yangu ya siku zile. Sisi watu wa mji huu hatuamkuani kwa neno moja. Ukikutana na mtu utamuuliza hali, utamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ule mguu wake ulioteguka mwezi wa Ramadhani, ndipo umwachie njia. Anayekupita na neno moja amekudharau. Basi nikajiuliza, nitamwandikiaje Bwana Mkubwa wa serikali kwa "kabisa" moja peke yake, kama mtu asiyelelewa? Nikawa nampangia tatu. Mteja akisema amechoka, mimi naandika amechoka "completely, entirely and utterly". Nikimsomea kwa Kiswahili, kabisa, kabisa, na kabisa, anatikisa kichwa na kuniambia, "Hapo umenisema, Karani."

Nilikuwa maarufu, usicheke. Walikuja watu kutoka Likoni kwa ajili ya kabisa zangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa nyumba ya Bi Shali. Yule bibi wa nyuma ya Ngome, aliyekuwa akikupa visheti ukipita kwenda chuoni kusoma Kurani. Paa lake lilikuwa linavuja pembe moja, juu ya kitanda, na yeye alitaka ofisi ya mji imruhusu kuezeka upya kwa mabati. Jambo la mistari minne. Nikamtengenezea kurasa mbili. Nilimweleza Bwana Mkubwa kwamba nyumba hiyo imeharibika "completely", imeanguka "entirely", na kwamba maskini mwenyewe amebaki "utterly" bila pa kuweka kichwa. Bi Shali nilipomsomea alitokwa na machozi. Hakujua kama hali yake ilikuwa mbaya kiasi kile.

Siku ya nane Mzungu akaja, kaptula na soksi ndefu, na karatasi mkononi. Nikaitwa mbio kutafsiri. Namkuta amekaa barazani, Bi Shali ameshamtilia kahawa, naye anaitazama nyumba, anaitazama karatasi, anaitazama nyumba. Akaniambia nimweleze bibi kwamba kwa mujibu wa barua yake mwenyewe nyumba hii haipo, na kwamba amekuja na amri ya kuondoa mabaki yake yasije yakamwangukia mpita njia.

Nikatafsiri. Nilipunguza kidogo, lakini nikatafsiri.

Bi Shali akaweka birika chini. "Haiko vipi," akauliza, "na yeye yuwanywa kahawa barazani kwake? Nwambie akimaliza kikombe anioneshe hiyo nyumba isiyoko ni ipi, huenda ni ya jirani."

Ilituchukua miezi miwili, Rukia, kuithibitishia serikali kwamba nyumba ya Bi Shali ipo. Tulipeleka mashahidi. Fundi alipeleka vipimo. Mimi mwenyewe niliandika barua ya kusema kwamba nyumba imeharibika kidogo tu, upande mmoja, na mkono ulikuwa mzito kuliandika neno "kidogo" kama ninayevuliwa kanzu sokoni. Paa likaezekwa mwisho. Mpaka leo Bi Shali akiniona huigonga nguzo ya nyumba yake kwa kiganja na kuniuliza, "Karani, hini iko au haiko?"

Ungedhani nimejifunza. Sikujifunza. Nilichofanya ni kuyachunguza zaidi yale maneno, nikadhani kosa ni la kuchagua vibaya. Na hapo, haki ya Mungu, niligundua mambo ambayo yatakufaa huko uendako.

Maneno yale hayapandi kitanda kimoja. Ni kama yetu. Kwetu mtu hulala fofofo na hukataa katakata, hulowa chapachapa na nyumba hujaa watu pomoni, na ukimwambia mtu umelala katakata atakupeleka kwa mganga. Basi na wao. "Utterly" ni neno la msiba: mtu hupotea hivyo, huangamia hivyo, lakini hawi mzima hivyo wala hashibi hivyo. "Thoroughly" ni neno la dobi na la askari anayekupekua mfuko. "Completely" ni la kitu chenye vipande, kipande cha mwisho kikiingia mahali pake. "Perfectly" utalipenda, ni neno zuri, lakini Mwingereza akikwambia kwa sauti ya chini kwamba anakuelewa "perfectly", chukua mkoba wako uondoke, amekasirika.

"Entirely" huenda na lawama. Lawama nzima, isiyokatwa ukampa mwenzio kipande. Wateja wangu hawakulitaka hata kulisikia, ila likitanguliwa na "not". Siyo kosa langu lote. Nimeandika hivyo kwa watu wengi, wa baiskeli zilizogongana, wa mbuzi waliokula maua ya Mzungu, wa ndoa. Hilo neno liweke akilini, nitalirudia.

Na "quite". Hilo ni jitu la hatari, na nimeshamwangamiza nalo mtu. Unamjua Juma mpishi. Alipoondoka kwa memsahib wake wa kwanza, bibi wa Kizungu, alipewa cheti, akaniletea nimsomee. Kiliandikwa kwamba yeye ni "quite a good cook". Daftari langu lilisema neno hilo maana yake kabisa, nikamwambia, "Hongera, umeandikiwa mpishi mwema kabisa." Akanunua kioo akakitia fremu. Mwezi mzima akazunguka nacho kwenye majumba ya Kizingo, amekikumbatia kifuani, na kila memsahib anakisoma, anatabasamu, anamwambia nafasi imejaa. Kumbe neno lile likisimama mbele ya kitu kizuri wao hulisema huku wakiinua bega. Mpishi mzuri, kiasi. Usife njaa. Lakini likisimama mbele ya maiti, basi ni maiti moja kwa moja, hakuna kiasi. Hayo nilikuja kuambiwa na karani mwenzangu wa mahakamani baadaye sana.

Kwa hivyo huko hospitalini mkuu wa wauguzi akikwambia kazi yako ni "quite good", usituandikie kwa furaha. Kaifanye tena.

Juma sikumwambia. Hilo ndilo ninalotaka ulione. Alipata kazi mwishowe kwa njia nyingine, na fremu iko ukutani kwake mpaka leo, na kila Idi nakaa chini yake nakula biriani yake, ambayo Mungu shahidi ni nzuri kupita maneno yote ya daftari, na kila Idi ananiambia, "Soma, Karani, wageni wasikie." Nami nasoma, mpishi mwema kabisa. Kila mwaka najua na kila mwaka nasoma. Huo ndio ugonjwa wangu, mwanangu. Siwi mwepesi wa kusema uongo, lakini kosa langu likishatundikwa ukutani silitoi.

Halafu ukaja wewe na penseli.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukitoka shule unapita dukani, unakaa juu ya robota la vitambaa la Bwana Taibali unazisoma barua zangu kabla hazijatiwa bahasha. Siku moja ukazikata kabisa mbili kati ya tatu. Ukaniambia, "Baba, moya yatosha. Hizi mbili zaifanya kama yuwasema uongo." Mteja alikuwa amesimama pale pale, mzee wa watu, nikaona haya. Nilikwambia unyamaze. Ulipoondoka nikaisoma tena bila zile mbili, na nikaona ni kweli, yule mzee alikuwa amechoka zaidi.

Tangu siku ile nikawa nakuwekea. Wewe ulidhani naandika vile kwa kutojua. Nilikuwa najua. Mwaka ule wa mwisho wa shule yako nilikuwa naweka kabisa tatu kwa makusudi ili uje uzikate, kwa sababu ulipokuwa unakata ulikuwa unaimba kwa pua, na unanipiga goti la mguu kwa kisigino, na mimi nilikuwa naipenda saa ile kuliko saa yoyote ya siku. Bwana Taibali alikuwa anajua. Alinicheka sana.

Sasa tumefika.

Ulipomaliza shule uliomba nafasi ya uuguzi huko Uingereza, na anwani uliyotoa ilikuwa sanduku langu la posta, kwa kuwa ndilo pekee tulilo nalo. Ufunguo ninao mimi. Ulingoja jibu, na kila nikiingia mlangoni uliniuliza, "Posta?" nami nikakwambia, "Bado." Ulingoja mwaka mzima. Ulipungua mwili. Nilikuwa nakuona ukikaa dirishani juu, ukimtazama kila anayepita na karatasi mkononi. Mwisho ukaacha kuuliza, na mamako akasema labda si riziki yako.

Jibu lilikuwa limekuja, Rukia. Lilikuja mwezi wa pili tu wa kungoja kwako. Walikukubali.

Nililifungua pale pale posta nimesimama, nikalisoma mara mbili, nikalikunja nikalitia mfukoni mwa kanzu. Nikatembea mpaka baharini, pale watu wanapokula mihogo ya kuchoma, nikakaa mpaka jua likanichoma kichwa. Halafu nikarudi mezani kwangu nikawaandikia. Na tazama ajabu yake. Mimi, mtu wa kabisa tatu, niliandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika maishani mwangu. Nilisema binti yangu hatakuja, na asante. Mistari miwili. Hakuna neno hata moja la daftari. Nilikuwa nimemaanisha, na nilipomaanisha sikuyahitaji. Nilipiga chapa, nikatia bahasha, nikaipeleka posta.

Nitakwambia sababu, na siyo ile ambayo watu wangesema. Watu wangesema nilichelea msichana kwenda ughaibuni peke yake, na wangeniunga mkono, na misikiti miwili mitatu ingeniombea. Mimi mwenyewe nilijaribu kujiambia hivyo. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nachelea mambo mawili. Nilichelea hakuna atakayekaa juu ya robota. Na nilichelea kwamba utakwenda huko uzungumze na wenyewe, na siku moja utakaa kitandani ukumbuke barua zangu, ujue kwamba Kiingereza cha babako ni cha barazani, cha kuokota, cha mtu aliyemfanya Bi Shali aambiwe nyumba yake haipo. Nilitaka ubaki mahali ambapo mimi ni Karani.

Kwa mambo mawili hayo ya kitoto nilikula mwaka wako.

Na neno nililokula nalo lilikuwa "bado". Fikiria. Daftari zima la maneno ya ukamilifu, na uongo wangu mkubwa nikausema kwa neno dogo la kitu ambacho hakijakamilika. Nililichagua kwa uangalifu, nisikufiche. Ningekwambia wamekataa, ungelia siku tatu ukapona. "Bado" ilikuacha na mlango wazi kidogo, nikadhani ndiyo huruma. Sasa naona ndiyo ilikuwa ukatili, maana uliusimamia mlango ule mwaka mzima na mimi nimeushika kitasa upande wa pili.

Wewe ukafanya lililo bora kuliko sisi wote. Uliandika tena, hukuniambia, ukatoa anwani ya mwalimu wenu wa Kiingereza. Nilipoliona jibu la pili ulikuwa umelishika wewe, limefunguliwa tayari, na fomu ya mzazi umeiweka mbele yangu kwenye mkeka baada ya chakula. Uliweka na kalamu. Hukunitazama kwa hasira, kwa kuwa hukujua kitu. Ulinitazama kama unavyowatazama wateja wangu.

Nikakuuliza, "Wataka kwenda kabisa?"

Ukanijibu, "Nataka kwenda, Baba. Kabisa sijui."

Nilitia sahihi. Fomu ilikuwa na nafasi ya mzazi kuongeza maneno, mistari mitatu mizima, mitupu. Ulikuwa unaningoja niijaze, nilikuona umeshaishika penseli. Sikuandika kitu. Ulishangaa, ukamwambia mamako labda Baba ni mgonjwa.

Wiki tatu zilizopita mamako alikuwa anatafuta picha yako ya pasipoti, akafungua kifuniko cha mashine. Mle ndani nilikuwa nimeweka ile barua ya kwanza. Sikuweza kuichoma, nilijaribu, na sikuweza kuitoa. Mamako hasomi Kiingereza, lakini jina lako alilisoma. Akaja nayo barazani.

"Hini ni ya Rukia," akasema. "Mbona iko kwako?"

Nikasema ni ya zamani.

"Ya zamani ya lini?"

Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Alikaa kitako, akaitazama bahasha, akainusa hata, kisha akasema, "Mwaka nzima nilikuwa nan'nunulia asali, nikidhani ana kifua." Akainuka. Siku tatu chai yangu ikaja haina tangawizi, siku ya nne ikaja haina sukari, na ya tano haikuja. Siku ya tano jioni ndipo aliponiambia, "Mwambie kabla hajapanda meli. Usipomwambia wewe ntamwambia miye, na mimi sitakupunguzia kitu."

Nilimjibu kwamba nitakwambia. Kisha kila siku nikapata sababu. Siku moja ulikuwa unashona. Siku moja Bi Shali alikuja kukuaga. Jana nilifika mpaka mlangoni kwako, ukageuka ukaniuliza kama nina haja, nikakuuliza kama una stempu.

Basi nimekosa.

Nimeiandika peke yake uone. Katika rasimu ya kwanza ilikuwa imezungukwa na jamaa zake wote, nimekosa kabisa, kwa ukamilifu, moja kwa moja, pasi na shaka, mpaka nilipoisoma nikajihisi nimeshasamehewa na ilhali hujafungua bahasha. Ndiyo kazi ya maneno yale, humpa raha anayeyaandika. Nikayakata yote kwa penseli yako. Na lile neno la lawama nzima nililokwambia uliweke akilini, sikuliandika, lakini hili ndilo jambo lake. Mamako hana kipande humu, mwalimu wako hana, hata posta haina. Ni langu.

Mamako alinishauri barua hii niitie sandukuni, chini ya kanga, uikute uko katikati ya bahari. Alikuwa ananihurumia, ameanza kunihurumia tangu juzi, tangawizi imerudi. Nimekataa. Barua moja nimeshakuficha, na ya pili sitakuficha hata kwa siku moja. Nitakupa mkononi leo, baada ya sala ya magharibi, uisome chumbani kwako mlango umefungwa, ukiwa nyumbani, na usiku wote mbele yako wa kusema unalotaka au kutosema. Ile ya kwanza nimeiambatisha. Ni yako. Iangalie tarehe yake, na ujue kwamba walikutaka mara mbili. Huko kukiwa na baridi na mkuu wa wauguzi akikuinulia bega, hilo likusimamie.

Sikuombi urudi. Nilitaka kuandika "rudi", nikakumbuka umesema hujui, na mtu akisema hajui mbele yangu ni bora nijifunze kumwacha asijue. Ukirudi, robota la Bwana Taibali lipo. Usiporudi, bado lipo, nimemwambia asiliuze.

Kuhusu barua zako za kutoka huko, andika kwa Kiingereza ukipenda, na usinipunguzie. Nitakutana na maneno ambayo daftari halina. Yale nisiyoyajua nitamuuliza karani wa mahakamani, na nitamwambia waziwazi kuwa siyajui. Nimeanza mazoezi. Juzi nilikwenda kwa Juma mpishi nikamweleza cheti chake. Alinisikiliza, akakitazama kwenye fremu, kisha akaniambia kwamba alijua tangu mwezi ule ule wa kwanza, memsahib wa tatu alimfafanulia. Nikamuuliza kwa nini basi kila Idi ananiambia nisome. Akasema, "Nilikuwa nangoja nione utasoma vile mpaka lini."

Kwa hivyo labda na wewe unajua. Nimelifikiria hilo leo mchana kutwa. Labda uliijua "bado" yangu siku nyingi, ndiyo maana ukatoa anwani ya mwalimu. Kama ulijua ukanyamaza, sina uso.

Penseli nyekundu nimeiweka juu ya karatasi hizi. Humu nimejitahidi, lakini najua zimenitoka "kabisa" nyingine za ziada, kata unazoziona. Pale niliposema nimekosa paache palivyo.

Mimi nitakuwa barazani, na sanduku lako liko miguuni pangu, nimeshalifunga kamba. Ukitoka ukaniambia umenisamehe kabisa, sitakuamini, maana neno hilo nimelifanyia kazi miaka ishirini na najua ndani yake mna nini. Niambie kile ulicho nacho. Kama ni robo, sema robo. Kesho nitaichukua robo yangu kwa mkono mmoja na sanduku lako kwa mkono wa pili, mpaka bandarini Kilindini.

Babako